Jina Nililoitikia Redioni

Mtangazaji yule alitaja sheria mara tatu na jina la mwanangu mara saba. Sheria aliitaja kwa makusudi, kwa sauti nzito ya mtu anayetaka tujue kwamba amesoma. Jina alilitaja bila kujua, na mimi niliyekaa mbele yake, meza moja naye, niliitika mara zote saba. Ndiyo maana sitaandika hapa jina la mtu yeyote, hata la mbuzi. Asiyependa na afunge ukurasa.

Hapa Uvira mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe linafungiwa sandukuni pamoja na kadi ya uchaguzi. Kuanzia siku hiyo anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi nimeitwa hivyo miaka kumi na saba. Marehemu mume wangu aliniita hivyo, padri ananiita hivyo, hata wanaonichukia wananiita hivyo. Nashona sare za shule chini ya hangari la soko, mashati meupe na sketi za buluu, na hakuna mteja anayeuliza alipo mshonaji. Wanauliza alipo Mama Fulani. Basi nami nitaandika Mama Fulani, na wewe ujue kwamba mahali pa huyo Fulani pana jina la msichana, na msichana huyo ni wangu.

Mwanangu alikosa. Nalisema mapema ili nisije nikaambiwa namfunika. Asubuhi moja kwenye robine, bomba la maji la avenyu yetu, maji yalikuwa yametoka baada ya siku nne, na foleni ya bidoni, madumu ya kutekea, ilifika mpaka barabarani. Msichana mwingine, rika lake, akaisogeza bidoni ya mwanangu nyuma na kuweka yake. Wakatukanana. Yule mwingine akamtukania baba yake aliye kaburini. Mwanangu akainua bidoni ndogo iliyokuwa na maji nusu akampiga nayo mdomoni, na meno mawili yakavunjika. Sina la kuongeza hapo. Meno ya mtoto wa mtu hayarudi, na nilipoyaona mavazi ya yule msichana yana damu nilitaka kumpiga wangu mbele ya watu wote.

Polisi wakaja, na kutoka polisi kesi ikapelekwa kwenye tribinali ya watoto. Majirani walinisindikiza, si kwa huruma. Walivaa vitenge vizuri kama watu waendao kwenye ndoa, wakitaka kuona. Tulipofika, karani akamwingiza mwanangu, akaniingiza mimi, akaingia mama mmoja asistanti sosiali, mtu wa ustawi wa jamii, kisha akawafungia wengine mlango. Nikasikia wakinung'unika nje. Sijawahi kuupenda mlango wa mbao namna ile.

Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani, asiye wa hapa. Kitu cha kwanza alichomwuliza mwanangu ni kama amekula. Kisha akasikiliza, akauliza, akaandika, na mwisho akanigeukia mimi.

"Mama, hapa haiko mushitakiwa," akasema. "Iko mutoto mwenye alikosana na sheria. Ataenda kuomba radhi kwa ule mwenzake, na asistanti sosiali atakuwa anakuja kumuangalia. Lakini atarudi kwako, na atafanya Exetat yake mwaka huu. Njo maana jina yake isitoke. Si ku redio, si ku telefone, si foto. Ata kitu kidogo chenye kinaweza kujulisha watu ni nani, sheria imekataza."

"Ndiyo, mama juji," nikasema, na nikatikisa kichwa mpaka kilemba kikalegea.

Exetat ni mtihani wa Serikali wa mwisho wa sekondari. Ukiupata una diploma, ukiukosa unarudi kusimama foleni ya maji. Mwanangu alikuwa darasa la sita la sekondari, miezi mitatu kabla ya mtihani, na mtihani huo ndio uliokuwa umebaki mkononi mwetu. Hakimu aliliona hilo bila mimi kumwambia. Namheshimu mpaka leo.

Kabla hatujatoka karani akaniwekea karatasi nitie sahihi.

"Jina yako, mama?"

"Mama Fulani."

"Ile ni ya mutoto," akasema bila kuinua macho. "Minye nataka yako."

Tukacheka wote, hata mwanangu alitabasamu. Nikampa lile la kwenye kadi, akaliandika. Karani alikuwa amenionyesha shimo kwa kidole, nami nikacheka na kwenda zangu.

Majuma mawili kila kitu kilikwenda vizuri. Mwanangu aliomba radhi, meza moja na yule msichana na mama yake, asistanti sosiali katikati. Walipokea kwa baridi, lakini walipokea. Shuleni hakuna aliyejua, kwa sababu shule yake iko Kalundu, mbali na robine yetu. Alikuwa anaamka kabla yangu kusoma.

Ila kufungiwa mlango kulikuwa kumewachoma majirani. Wangeona yote, wangerudi nayo nyumbani na kushiba. Sasa walikuwa na njaa, na mwenye njaa ya maneno anajipikia mwenyewe. Ilianza kwamba alitumia kisu. Kisha kwamba yule msichana yuko hospitali hawezi kusema. Kisha siku moja, kwenye kipindi cha mchana ambapo watu wanapiga simu, mwanamke mmoja akasema redioni kwamba kuna mama mshonaji hapa mjini aliyemhonga hakimu ili mtoto wake muuaji arudi nyumbani. Muuaji! Kwa meno mawili! Niliisikia kwenye redio ya muuza chumvi aliye jirani na masini yangu ya kushonea, na wenzangu wote wa hangarini wakageuka wakaanza kutafuta kitu kwenye magunia yao.

Ningenyamaza, ingepita. Hakuna aliyekuwa ametaja jina. Washonaji hapa mjini tuko wengi. Lakini mimi sina kipaji cha kunyamaza, sikuzaliwa nacho. Damu ilinichemka. Nikaacha sketi ikiwa na mshono mmoja, nikafunga masini, nikaenda redioni kwa miguu.

Mtangazaji alinipokea vizuri mno. Angenipokea vibaya, ningeokoka. Alinipa kiti, akanipa maji ya chupa, akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: sheria ya kulinda watoto, na mstari mmoja umepigwa kalamu nyekundu.

"Hatutataja jina ya mutoto," akaniambia. "Hapa tunaheshimu sheria. Utasema yako, weye kama muzazi."

Nilisema yangu. Nilisema hakuna aliyehongwa, kwamba hakimu yule ni mtu wa haki, kwamba wenye midomo mirefu waende wakaiuze sokoni. Nilisema vizuri, nakiri. Nilijisikia mtamu. Na kila baada ya sentensi zangu mbili tatu yeye aliingia: "Sasa, Mama Fulani, watu wanauliza..." Mimi nikajibu. "Mama Fulani, na shule, ataendelea?" Nikajibu. "Kama munavyosikia, waskilizaji, jina ya mutoto hatuitaje, sheria inakataza. Mama Fulani, neno yako ya mwisho?" Nikatoa neno langu la mwisho. Akanishukuru kwa adabu, akanisindikiza mpaka mlangoni.

Angeniita "madame" ningekasirika. Angeniita kwa jina la kwenye kadi nisingejua anamwita nani. Aliniita kama mtu mwenye heshima anavyoitwa, na sikio langu lililala.

Nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo. Njiani watu walinipungia mkono. Mlangoni nilimkuta kitinda mimba wangu, mvulana wa miaka kumi, amekaa na redio ndogo mapajani.

"Mama," akasema, "ule baba ametaja jina ya yaya mara saba. Nilihesabu." Yaya kwake ni dada yake mkubwa.

"Hakutaja. Alisema mwenyewe hatataja."

"Alitaja. Mama Fulani, Mama Fulani. Mara saba."

Nilisimama pale na viatu mguuni. Ndani, dada yake alikuwa amekaa kitandani akiwa na daftari la hesabu lililofunguka. Hakulia. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgeni aliyekosea nyumba.

"Na weye ulikuwa unaitika," akasema.

Jumatatu yake alikwenda shule akarudi saa nne. Wanafunzi wa darasa lake walikuwa wamempa jina, wakamtaka awaonyeshe bidoni yake. Mmoja alikuwa amejifunga kitambaa mdomoni akijifanya hana meno. Mkuu wa shule aliwafokea, nasikia, lakini alipowafokea alimtaja na yeye. Mwanangu akavua sare, akaikunja, akaiweka juu ya masini yangu mbovu ninayoiacha nyumbani, kisha akalala akiwa ameelekea ukuta. Siku ya pili hakuamka. Siku ya tatu hivyo hivyo. Kila asubuhi nilikwenda sokoni kuwashonea sketi watoto wa watu, na sketi ya wangu ilikuwa pale pale, imekunjwa. Juma likaisha.

Nikarudi redioni. Safari hii sikukaa.

"Mama, jina ya mutoto hatukuitaja," mtangazaji akasema, na kidole kikaenda ukutani kwenye ule mstari mwekundu.

"Umeitaja mara saba."

"Minye?"

"Papa, kwako wanakuita nani? Jirani akibisha mulango, anakuita nani?"

Akaanza, "Papa ya...", kisha akakishusha kile kidole. Fundi wa mitambo aliyekuwa nyuma ya kioo akasonya, maana yeye alikuwa ameelewa. Mtangazaji akaketi, akashika kichwa. Nilimwona anateseka na nikafurahi. Afadhali angalau mmoja ateseke.

"Tutarekebisha," akasema akiamka. "Leo, saa ii. Tutaomba radhi redioni." Akachukua kalamu akaandika, akanisomea: "Redio yetu inaomba radhi kwa familia ya Mama..."

Nikampokonya karatasi kabla hajafika kwenye neno lenyewe. Niliichana vipande vidogo nikavitia mfukoni mwa aproni yangu, kwa sababu sikuamini hata pipa lao la takataka.

Nilipotoka pale nilikuwa na akili moja tu kichwani: kama jina ndilo tatizo, jina litoke. Hangarini nikapanda juu ya benchi. Nikawatangazia wauza chumvi, wauza ndagala, wauza vitenge, wote, kwamba kuanzia siku ile mimi ni mama wa mtoto wangu wa pili, na atakayeniita kwa jina la yule wa kwanza sitamwitika wala sitamshonea. Walicheka. Mmoja akauliza kama nimebatizwa upya. Nilipowauliza kama mimi ninacheka, wakarudi kwenye bidhaa zao.

Na nilishika neno langu. Mteja wangu wa tangu miaka kumi iliyopita aliniita Mama Fulani mara nne, nikaendelea kukanyaga masini mpaka akaondoka na kitambaa chake. Padri aliniita hivyo mlangoni mwa kanisa, nikampita. Baada ya majuma mawili soko zima lilikuwa limezoea. Majirani wa avenyu wakafuata, maana hao wanapenda kitu chochote kipya. Ni mtu mmoja tu aliyekataa: mama wa yule msichana wa meno. Huyo kila akiniona ng'ambo ya barabara aliniita Mama Fulani kwa sauti ya kuvuta, akilishikilia lile jina mpaka mwisho, na mimi nilipita nimekaza uso.

Nilimwandalia na safari mwanangu. Bibi yake yuko Luberizi, ana shamba la mpunga, na kule nani anasikiliza redio ya huku? Asistanti sosiali alipokuja nikamweleza. Akanijibu kwamba hakimu alimrudisha mtoto kwa mama yake, si kwa bibi, na kwamba kumhamisha ni mpaka hakimu akubali. Nikamfokea. Nikamwambia sheria yao imefunga mlango ikasahau dirisha. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye daftari lake, akauliza kama mtoto anakula.

Hakuwa anakula. Mtihani ulikuwa umebakiza majuma matatu.

Jumamosi moja mchana nilikuwa uani nafua. Mteja akabisha mlangoni, akaita kwa lile jina jipya, jina la mvulana. Mwanangu ndiye aliyefungua. Nilimsikia kwa masikio yangu mawili.

"Mama yake iko uani," akamwambia yule mteja. "Wangu sijui kwenye alienda."

Mteja akacheka, akidhani ni utani. Mimi niliacha maji yanamwagika. Nilipoingia ndani alikuwa amekwisha kurudi kitandani, ameelekea ule ukuta wake.

"Umesema nini?"

"Umesikia."

"Nimefanya vyote juu yako! Nimepigana na soko muzima juu yako!"

Akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kuuona uso wake wote, na ulikuwa umekonda.

"Siku ile ku redio," akasema, "watu wote walijua jina yangu. Sawa. Lakini walijua pia weye uko mama yangu. Sasa ata ile haiko. Bibi akufungulie chumba Luberizi ya kuniweka, mudogo wangu akupatie jina, na minye nimeisha. Mama juji alinirudisha kwako, mama. Weye njo ulinifukuza."

Nilimwinulia mkono. Naliandika kwa sababu ni kweli: niliinua mkono kumpiga mtoto asiyekula. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, naye akasema, kwa kununa, kwamba yeye lile jina hakuliomba, na wenzake wanamcheka kwamba amekuwa kifungua mimba kwa nguvu. Mkono ukashuka wenyewe. Nikakaa chini, kwenye sakafu, katikati ya watoto wangu wawili.

Nilikuwa nimemchukia mtangazaji, nikawachukia majirani, nikamchukia na yule mwenye meno yake. Wote hao kwa pamoja hawakumfanyia mwanangu nililomfanyia mimi juu ya benchi ya sokoni, kwa hiari yangu, bila mtu kunishika mkono. Sheria ilisema jina lake lisitangazwe. Haikusema mama yake alikatae.

Sikumwomba radhi siku ile. Sijui kuomba radhi kwa mdomo. Niliichukua ile sketi iliyokunjwa, nikaipima kiunoni mwake akiwa amelala, nikaona amepungua, nikaipunguza pande zote mbili. Ile masini mbovu inakata uzi kila baada ya hatua chache, basi nilimaliza kwa sindano ya mkono. Nikaiweka mguuni pake. Jumatatu hakwenda shule, lakini alikula. Jumanne aliomba mafuta ya taa, daftari likafunguliwa. Aliniambia atafanya mtihani tu, darasani harudi, nami nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Asubuhi ya Exetat tulitoka pamoja. Alisema atakwenda mwenyewe, nikasema nami nina safari ya upande ule. Alitembea nyuma yangu hatua tano au sita, sare imemkaa vizuri, kalamu mbili mkononi. Majirani walikuwa wamekwisha kujipanga kwenye robine, bidoni zimefika mpaka barabarani, na hakuna njia nyingine ya kutokea avenyu yetu. Mmoja akanisalimu kwa jina la mvulana. Sikumjibu. Mwingine akanisalimu vilevile, akidhani sikusikia. Sikumjibu. Foleni ikaanza kuangaliana.

Ndipo yule mama wa msichana wa meno akainuka kutoka kwenye bidoni yake. Alimtazama mwanangu kuanzia viatuni mpaka kwenye kola, kisha akaniangalia mimi, akaita kwa ile sauti yake ya kuvuta, avenyu yote isikie:

"Mama Fulaaani!"

Nyuma yangu hatua zikasimama.

Nikageuka nikamtazama yule mama machoni. Kisha nikaitika, kwa sauti kubwa kuliko yake: "Niko! Ni minye!"

Nikasubiri pale, katikati ya bidoni zao, mpaka niliposikia viatu vya mwanangu vimeanza tena kutembea.